Tarikhi ya Magari katika Picha za Usiku

Katika majira ya kuchipua ya mwaka 1838, Louis Daguerre, mchoraji wa mandhari za maonyesho aliyekuwa na makazi yake Paris, alielekeza kamera kutoka dirishani kwake juu ya barabara pana iitwayo Boulevard du Temple, akaifungua lenzi na kuiacha wazi kwa dakika kadhaa, maana bamba la shaba lililopakwa fedha, ambalo ndilo lililokuwa filamu ya zama zile, halikuweza kushika sura ya kitu kwa muda mfupi kuliko huo. Barabara ilikuwa na harakati nyingi, magari ya farasi yakienda na kurudi na watu wakipishana kwa miguu. Lakini taswira ilipodhihirika juu ya bamba, njia yote ilikuwa tupu, isipokuwa mtu mmoja aliyesimama pembeni akisafishiwa viatu, ambaye kwa kutulia mahali pamoja aliingia katika tarikhi kuwa miongoni mwa binadamu wa kwanza kuonekana katika picha. Magari yote yalitoweka. Yalipita mbele ya lenzi, kila moja likaacha nuru kidogo mno isiyotosha kuandika umbo lake, na barabara, ambayo haikuondoka, ikajiandika mahali pake.

Nimeanza na barabara hiyo kwa sababu kanuni iliyoyafuta magari ya farasi mchana ule ndiyo iliyowatawala baadaye, na inayowatawala hata leo, wote waliojaribu kupiga picha za magari usiku. Maadamu nuru ya usiku ni haba, hapana budi ama tundu la lenzi lipanuliwe, ama muda urefushwe, ama filamu iwe nyepesi zaidi kuipokea nuru, ama mpiga picha alete nuru yake mwenyewe. Njia ya tano haijapatikana. Gari nalo si kama vitu vingine vinavyopigwa picha gizani. Likienda kwa mwendo wa kilomita 36 kwa saa, ambao ni mwendo wa mjini tu, hukata mita 10 kila sekunde, hivyo katika sekunde moja mwili wake umekwisha kutandazwa juu ya filamu kwa urefu wa magari mawili na ushei, ukawa hafifu usionekane. Ilhali taa zake, ambazo ukali wake umezidi mara nyingi nuru ya mwili, huacha alama kila zipitapo, za mbele mstari mweupe, za nyuma mstari mwekundu. Gari lililosimama halina shida hiyo, bali lina nyingine: mwili wake ni rangi ing'aayo, vioo na chuma cha kroimu, na kwa hiyo, kuliko kujionyesha lenyewe, huonyesha sura ya kila kilicholizunguka. Mwenye kulipiga picha usiku, kwa kweli, anapiga picha ya taa za mtaa zilizojilaza juu ya boneti.

Hatua ya kwanza ya kuushinda uhaba wa nuru ilichukuliwa mapema sana. Mwaka 1840, Joseph Petzval, mwalimu wa hisabati katika chuo kikuu cha Vienna, alibuni lenzi ya kupigia watu picha ambayo tundu lake lilikuwa la kiasi cha f/3.6, akisaidiwa katika mahesabu na askari wa mizinga waliozoea kupiga hesabu ndefu, ambao mwanamfalme mmoja wa Austria alimwazima. Msomaji asiyeshughulika na mambo haya na akumbuke kwamba kadiri namba hiyo ya f inavyopungua ndivyo tundu linavyopanuka. Lenzi zilizofungwa katika kamera za kwanza za Daguerre zilikuwa na tundu la kiasi cha f/15, na kwa hiyo kioo cha Petzval, kilichotengenezwa na kiwanda cha Voigtländer, kilipitisha nuru zaidi ya mara 15 kuliko vile vilivyokitangulia. Tangu siku hiyo tarikhi ya lenzi aghalabu husimuliwa kama mashindano ya nani atatoboa tundu kubwa kuliko mwenzake. Mashindano hayo yalikuwako, na yana mashujaa wake wastahikio heshima. Ila nikizitazama picha za magari ya usiku zilizodumu machoni na mioyoni mwa watu, naona kwamba sehemu kubwa yake zilitoka mikononi mwa watu ambao hawakutumia tundu kubwa hata pale walipokuwa nalo, nami ningependa kueleza kwa nini ilikuwa hivyo.

Kabla magari ya injini hayajaenea, walikwisha kutokea watu walioupenda usiku wa mjini. Paul Martin alipiga picha za London kwa nuru ya taa za gesi katika miaka ya 1895 na 1896, na huko New York, Alfred Stieglitz alitoka nje katika baridi ya theluji mnamo 1897 na 1898 akarejea na picha za barabara zenye miti mitupu na taa zinazometameta juu ya maji. Adui wao mkubwa hakuwa giza. Adui wao alikuwa taa yenyewe, kwa kuwa nuru kali ilipopenya utando wa dawa uliopakwa juu ya bamba la kioo iligonga mgongo wa kioo hicho na kurudi, ikafanya kila taa ivae duara jeupe lililofunika vyote vilivyo jirani nayo. Wakawa wanaupaka mgongo wa bamba rangi nyeusi ili uimeze nuru hiyo isirudi. Na gari lenye taa lilipokuja, la busara lilikuwa kuiziba lenzi kwa mkono mpaka lipite. Kwa hiyo katika picha nyingi za usiku za zama hizo magari hayamo kwa makusudi: yalihesabiwa kuwa uharibifu.

Kisha taa za magari zikabadilika, na pamoja nazo picha. Mwanzo zilikuwa za mafuta, baadaye za gesi ya asetilini, ambayo hutoka pale maji yanapodondokea kabaidi. Mwaka 1912 kiwanda cha Cadillac cha Marekani kilianza kuuza magari yenye taa za umeme na mtambo wa umeme wa kuwashia injini, na wengine wakafuata. Watu wa mashindano nao walitambua kwamba gari lisiloona usiku ni nusu gari. Mashindano ya saa 24 ya Le Mans, yaliyoendeshwa kwa mara ya kwanza tarehe 26 na 27 Mei 1923, yaliwekwa makusudi yavuke usiku kucha, ili taa zipimwe sawasawa na injini. Na katika mvua na tope la usiku ule, gari la Bentley lililoendeshwa na John Duff na Frank Clement lilivunjwa taa moja ya mbele kwa jiwe. Hivyo ndivyo taa ilivyogeuka kuwa uso wa gari, na mpiga picha aliyekuwa akiikimbia akaanza kuitafuta.

Katika miaka hiyohiyo, mjini Dresden, kijana aitwaye Ludwig Bertele alikuwa katika kiwanda cha Ernemann akisanifu lenzi iliyokuja kuitwa Ernostar, ambayo mwaka 1924 ilitolewa ikiwa na tundu la f/2, na punde baadaye f/1.8, ikafungwa katika kamera ndogo ya Ermanox. Kwa kamera hiyo Erich Salomon, mwanasheria wa Berlin aliyegeuka mwandishi wa picha, aliingia mahakamani mwaka 1928 na baadaye katika mikutano ya mawaziri, akawapiga picha wakuu wa dunia wakisinzia na kunong'onezana usiku wa manane bila ya wao kujua. Mtu huyo wa thamani aliuawa Auschwitz mwaka 1944. Sifa za Ernostar hazina shaka. Lakini aliyetaka kuigeuzia gari alikutana na hesabu isiyosamehe: lenzi ya milimita 100, ikiachwa wazi kwa f/1.8, mbele ya kitu kilicho mita 5, huonyesha kwa ukali kina cha takriban nusu mita tu, ilhali gari lina urefu wa mita 4 au zaidi. Ukiulenga mtambo kwenye taa ya mbele, taa inatoka safi na mlango unakuwa ukungu; ukiulenga mlangoni, uso wa gari unapotea. Kwa waziri aliyeketi kitini nusu mita inatosha kabisa, maana mtu ni uso wake. Gari lina uso, na lina ubavu pia, na uzuri wake uko katika mstari unaoviunganisha viwili hivyo.

Sasa na tumtazame Brassaï, ambaye jina lake la kuzaliwa ni Gyula Halász, aliyezaliwa mwaka 1899 katika mji wa Brassó huko Transylvania na kuuchukua mji huo kuwa jina lake. Kitabu chake cha picha za Paris usiku, kilichochapishwa mwaka 1933 pamoja na maneno ya Paul Morand, ndicho kilichowafundisha wengi kwamba usiku una sura yake isiyoazimwa kutoka mchana. Zana yake ilikuwa kamera ya mabamba ya Voigtländer, yenye lenzi ya Heliar ya milimita 105 na tundu la f/4.5. Zingatia mwaka huo. Lenzi za f/2 na f/1.8 zilikwisha kuwa dukani kwa karibu miaka kumi, nazo zilipitisha nuru mara tano au sita kuliko ile ya Brassaï. Naye akazipita, akasimamisha kamera yake juu ya miguu mitatu, akawasha sigara na kungoja. Mwenyewe alisimulia kwamba alipima muda kwa sigara: sigara ya Gauloise kwa nuru ya namna moja, na ile nene ya Boyard palipozidi giza.

Kungoja huko kulimpa alichokitaka. Mawe ya barabara yaliyolowa mvua yalipata wasaa wa kurudisha nuru ya kila taa, ukuta ulioonekana mweusi machoni ukatoa kijivu chake kidogo kidogo, na ukungu ukajaa miale. Katika picha yake ya njia ya Avenue de l'Observatoire, aliyoipiga mwaka 1934, ukungu umetanda, vigogo vya miti vimesimama vyeusi, na taa za gari zimewaka nyuma yake zikatandaza nuru hewani kana kwamba alfajiri imekuja kutoka barabarani. Gari lenyewe karibu halionekani, wala halihitajiki kuonekana. Aliyezitazama picha hizo kwa makini hawezi kusema tena kwamba taa ya gari ni uharibifu. Kwa Brassaï dereva asiyejulikana, apitaye na hamsini zake, alikuwa mwashaji wa taa za picha, na haja ilikuwa kujua tu lini afungue na lini azibe.

Kuna jambo la ndani ya lenzi ambalo lazima lielezwe hapa, kwa kuwa bila ya hilo habari za taa za magari hazifahamiki. Kila uso wa kioo unaokutana na hewa hurudisha takriban asilimia 4 ya nuru iliyoujia. Lenzi yenye nyuso nane za namna hiyo hupitisha basi asilimia 72 hivi tu, na nuru iliyobaki haiendi zake: huruka kutoka uso hadi uso humo ndani, na mwishowe huiangukia filamu ikiwa ukungu mweupe, au ikiwa vivuli vya nuru, taa za uzushi zisizokuwako mtaani. Mchana ila hiyo huvumilika. Usiku, mbele ya taa mbili za gari zilizoelekezwa moja kwa moja kwenye kioo, ni msiba. Ndiyo sababu Bertele, alipohamia Zeiss Ikon na kusanifu Sonnar, iliyotoka mwaka 1932 kwa ajili ya kamera ya Contax, alivigandisha vioo vyake pamoja hata nyuso zilizogusa hewa zikabaki sita tu. Muundo mwingine, uliotokana na Planar ya Paul Rudolph ya mwaka 1896, ulikuwa na ukali bora kwa mahesabu lakini ulibeba nyuso nane, nao ukawekwa kando kwa miaka mingi kwa aibu ya ukungu huo.

Dawa ya maradhi hayo ilikuwa imeonekana zamani bila ya kutambulika. Katika miaka ya 1890 Mwingereza Harold Dennis Taylor aling'amua kwamba lenzi kuukuu, zilizoingia doa kwa hewa na miaka, zilipitisha nuru nyingi kuliko mpya, kinyume cha alivyotarajia kila mtu. Mwaka 1935 Alexander Smakula wa kiwanda cha Zeiss alifanya kwa makusudi kile kilichofanywa na miaka: alivipaka vioo utando mwembamba mno ndani ya chombo kisicho na hewa, na ule urejeaji wa nuru ukapungua sana. Wajerumani waliishika siri hiyo kwa ajili ya darubini za vita. Vita vilipokwisha kila kiwanda kilipaka, na muundo ule wa Planar ukafufuka ukatawala. Kwa maoni yangu, utando huu ambao jicho huuona kama kivuli cha zambarau au samawati juu ya lenzi, umewafaa wapiga picha wa magari ya usiku kuliko upana wote wa matundu ulioongezwa kabla na baada yake.

Vita vyenyewe vilizima taa. Tangu Septemba 1939 miji ya Uingereza ilikuwa gizani kwa amri, magari yakavishwa vifuniko vyenye mianya midogo mbele ya taa, na Bill Brandt akaipiga picha London kwa nuru ya mwezi pekee.

Baada ya vita alitokea Marekani mtu aliyeichukua njia ya nne, ya kuleta nuru yake mwenyewe, na kuifikisha mahali ambapo hakuna aliyemfuata. O. Winston Link, mzaliwa wa Brooklyn aliyesomea uhandisi, alitumia miaka ya 1955 mpaka 1960 kuzipiga picha treni za mvuke za kampuni ya Norfolk and Western, zilizokuwa zikielekea mwisho wake, na akachagua usiku kwa sababu jua hawezi kulihamisha wala reli hawezi kuihamisha, ilhali taa zake aliweza kuziweka popote apendapo. Picha yake mashuhuri kuliko zote, ya tarehe 2 Agosti 1956 huko Iaeger katika jimbo la West Virginia, wengi huihesabu kuwa picha ya treni. Mimi naiona kuwa mojawapo ya picha kuu za magari ya usiku. Magari yamepangwa safu kwa safu katika sinema ya uwanjani, migongo yake ikimwelekea mtazamaji, mapaa na madigadi yakimetameta. Mbele kabisa, katika Buick ya Link mwenyewe iliyofunuliwa paa, wameketi kijana wa kiume na wa kike. Kwenye pazia la sinema ndege inaruka. Na upande wa kulia treni inapita kwa kishindo, moshi wake mweupe kama pamba.

Ili kuipata picha hiyo aliziwasha kwa pamoja balbu zaidi ya 40 za kupasuka mara moja, zilizounganishwa kwa nyaya na kupangwa ili moshi upate nuru, magari yapate mstari wa ukingo, na vichwa vya vijana wawili vitokeze. Mwako ulikuwa mkali hata ukalifuta pazia la sinema likabaki jeupe, na taswira ya ndege ilimpasa kuiongeza baadaye katika chumba cha giza. Sioni aibu yoyote katika kitendo hicho. Nuru yake ilikuwa imekula nuru iliyokuwapo, naye akairudisha. Juu ya lenzi hakuwa na haja ya tundu kubwa hata kidogo. Alilibana, kwa kuwa alitaka Buick iliyo karibu na treni iliyo mbali zote ziwe kali, na kwa nuru nyingi kiasi kile aliweza kulibana atakavyo.

Kwetu Afrika Mashariki usiku wa magari uliingia katika picha kwa njia ya mashindano. Mwaka 1953, katika kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth, ilianzishwa safari ya magari iliyozunguka Kenya, Uganda na Tanganyika, mchana na usiku bila ya kujali mvua za masika, ambayo tangu 1960 ikaitwa East African Safari; na ni katika mashindano hayo Joginder Singh, akiwa na ndugu yake Jaswant, alishinda mwaka 1965 kwa gari la Volvo lililokuwa tayari limechakaa kwa safari za wengine. Aliyesimama kando ya barabara ya murram usiku kulingoja gari la namna hiyo alikuwa na muda mfupi kuliko pumzi moja, na alikuwa na vumbi. Balbu iliyofungwa juu ya kamera hupiga kwanza chembe za vumbi zilizo karibu na lenzi, na kurudi na ukuta mweupe ambao gari limejificha nyuma yake. Iliyowekwa mbali pembeni, kama Link alivyofanya kwa moshi, huligeuza vumbi hilohilo kuwa bawa la nuru nyuma ya tairi. Tofauti yote iko katika urefu wa waya. Filamu ya Tri-X, iliyotolewa kwa kamera ndogo mwaka 1954, iliwasaidia watu wa kazi hiyo kuliko lenzi yoyote, kwa kuwa wepesi wake uliwaruhusu kulibana tundu na kulikadiria gari mahali litakapofika kabla halijafika.

Mashindano ya matundu yaliendelea kwa fahari yake. Canon ilitoa lenzi ya f/0.95 mwaka 1961. Leitz ikatoa Noctilux ya f/1.2 mwaka 1966; Zeiss ikatengeneza lenzi kumi tu za f/0.7, ambazo baadhi yake zilinunuliwa na shirika la NASA na tatu zikaangukia mikononi mwa Stanley Kubrick, aliyezitumia kupiga baadhi ya sehemu za filamu ya Barry Lyndon kwa nuru ya mishumaa. Katika lenzi hizi zote ipo moja niipendayo, nayo ni Noct-Nikkor ya milimita 58 na f/1.2, iliyotolewa na Nikon mwaka 1977, kwa sababu wabunifu wake walielewa ila ya kweli ya tundu kubwa usiku. Taa iliyo katikati ya picha hutoka nukta safi, lakini taa zilizo kandokando, iwapo lenzi imeachwa wazi, huota mabawa mawili kama ndege, hata safu ya taa za mtaa ikaonekana kundi la ndege warukao. Nikon iliusugua kwa mkono uso wa kioo cha mbele mpaka ukaacha kuwa sehemu ya tufe, nayo mabawa hayo yakakatika. Kazi hiyo ilikuwa ghali, na wachache walimudu bei yake.

Na sasa nimefika kwa mtu ambaye, katika wote niliowataja, ndiye aliyelifanya gari la usiku kuwa maudhui yake peke yake. Kati ya 1974 na 1976 Langdon Clay alitembea usiku katika mitaa ya Manhattan na ng'ambo ya mto huko Hoboken, akiyapiga picha magari yaliyoegeshwa, moja moja, aghalabu kwa ubavu. Kamera yake ilikuwa Leica ndogo yenye lenzi ya Summicron ya milimita 40 na f/2, filamu yake Kodachrome, ambayo si nyepesi hata kidogo kuipokea nuru, na zana yake ya tatu miguu mitatu ya kusimamishia. Mji wa New York ulikuwa katika dhiki ya fedha miaka hiyo, na magari yenyewe ni ya hali hiyo: makubwa, yaliyobonyea, bampa zimepinda, moja limefunikwa turubai, jingine ni Buick LeSabre iliyosimama mbele ya mkahawa wa White Tower wenye taa. Hakuna mtu. Kila gari limesimama kwa haiba ya mtu aliyekuja kupigwa picha ya ukumbusho studioni.

Uchaguzi wa milimita 40 unastahili kutazamwa kwa makini. Lenzi fupi, tuseme ya milimita 24, humlazimisha mpiga picha asogee karibu ili gari lijaze picha, na akisogea karibu tairi lililo jirani huvimba na la mbali hunywea, gari likawa kitu cha kuchekesha. Lenzi ndefu, ya milimita 100 au zaidi, humrudisha nyuma mpaka ng'ambo ya barabara na zaidi, na umbali huo huubana mwili wa gari ukabaki bapa, na duka lililo nyuma likasogea likaliegemea. Milimita 40 humsimamisha mtu kwenye ukingo wa njia wa upande wa pili, mahali hasa ambapo mpita njia angesimama kulitazama, na gari hutoka kwa vipimo ambavyo jicho halivitilii shaka. Ule upana wa f/2 Clay hakuuhitaji, maana gari lililoegeshwa haliondoki na lenzi ikibanwa huonyesha kwa ukali taa ya mbele, ya nyuma na maandishi ya duka. Fauka ya hayo, tundu lililobanwa huipa kila taa miale ya nyota, ambayo idadi yake hutokana na mabati yanayoliziba tundu: yakiwa shufwa, miale ni sawa na idadi yake, yakiwa witiri, ni maradufu.

Rangi za picha hizo zilitoka mahali pasipotarajiwa. Mnajimu wa Kijerumani Karl Schwarzschild, katika kupiga picha za nyota mwishoni mwa karne ya 19, alithibitisha kwamba filamu huchoka: ukiipa nuru hafifu kwa muda mrefu haishiki sawa na nuru kali kwa muda mfupi, hata kama jumla ya nuru ni ileile. Filamu ya rangi ina tabaka tatu, na kila tabaka huchoka kwa kiasi chake, kwa hiyo katika muda mrefu rangi huhama. Ongeza juu yake kwamba taa za barabara za New York zilikuwa zikibadilishwa, zile za zebaki zenye nuru ya kijani na samawati zikiondoka, na za sodiamu zenye nuru ya manjano kali zikiingia, na katika mtaa mmoja aina zote mbili zikimwagika juu ya gari moja pamoja na taa za matangazo. Matokeo yake ni boneti ambayo upande mmoja ni zumaridi na wa pili ni kaharabu. Clay hakuzirekebisha rangi hizo. Picha zilikaa miaka 40 kabla hazijakusanywa kitabuni mwaka 2016.

Wapiga picha wa matangazo ya magari, ambao riziki yao inategemea gari kupendeza, walishika njia yao wenyewe, ya kupiga kati ya magharibi na isha, wakati mbingu ingali na nuru kidogo. Hutumia mbingu yote kuwa taa moja pana, ambayo sura yake hujitandaza juu ya paa na ubavu wa gari pasipo doa, huku taa za gari nazo zikiwa zimekwisha kuonekana. Na wasaa huo ni wa dakika chache. Ni kazi ya ustadi, nami naiheshimu, ingawa picha zake hufanana zote.

Mwaka 2013 New York ilitangaza mpango wa kuzibadili taa zake za barabarani zipatazo 250,000 ziwe za LED, na miji mingine mingi imefanya vivyo hivyo, kwa hiyo zile rangi za Clay hazipatikani tena katika mitaa ileile kwa filamu yoyote wala lenzi yoyote. Magari nayo yamevishwa taa hizo, ambazo nyingi hazitoi nuru ya mfululizo bali huzima na kuwaka mara mamia kwa sekunde, kwa kasi isiyohisiwa na jicho. Na kamera ikifunguka kwa sehemu ya elfu moja ya sekunde huweza kulikuta gari limezima taa yake, au ikiachwa wazi gari likipita, ule mstari mwekundu wa zamani hutoka umekatikakatika kama kushona. Mwenye lenzi ya f/1.2, aliyoinunua kwa fedha nyingi ili afupishe muda, akitaka taa za gari hilo zionekane zinawaka, hana budi kulibana tundu lake, kuisimamisha kamera juu ya miguu mitatu, na kuiacha wazi kwa muda mrefu zaidi.